Nani Aliitikia Hodi ya Salia?

Saa tisa mchana, moshi umekwisha kutanda juu ya uwanja wa wahunzi nyuma ya mto Houet, hapa Bobo-Dioulasso. Salia Dao amepiga magoti mbele ya sanduku la mbao lililoshindiliwa mchanga mweusi. Ndani ya mchanga huo mna nafasi tupu yenye umbo la sufuria. Nyuma yake amesimama shemeji yake, Bema, ameshika upawa wa chuma uliojaa alumini iliyoyeyuka.

Salia anageuza mchi wake wa kushindilia na kugonga ubavu wa sanduku kwa mpini. Ko, ko, ko.

"Pita!" anapaza sauti Bema. Ameitikia upesi mno, kabla pigo la tatu halijaisha masikioni.

Alumini inamiminwa. Mchanga unakoroma, unatoa moshi wa buluu, kisha unanyamaza. Hapo ndipo Bema anaposhusha mabega.

"Zamani alikuwa mvivu wa kuitikia huyu," anasema Salia bila kugeuka. "Unagonga, yeye bado anajikuna mgongo. Siku hizi ananidakia mdomoni."

"We acha tu," anajibu Bema. "Mimi sitaki kuacha mwanya. Nikichelewa akaitikia mwingine, huu upawa nitampa nani?"

Katika uwanja huu watu hucheka kwa jambo dogo tu, hata kwa mtu kuunguza kandambili yake. Kwa neno hilo la Bema, hacheki hata mmoja.

Salia ana miaka hamsini na minne. Mguu wake wa kulia una kovu linalong'aa, alipomwagikiwa alumini akiwa kijana, na nywele za mikono yake ziliungua zamani, hazikuota tena. Kazi hii aliirithi kwa baba yake, na baba aliirithi kwa babu. Pistoni za pikipiki, fremu za madirisha, makopo ya soda, vyote huingia katika ndoo ya chuma juu ya moto na kutoka sufuria. Ugali wa mtama unaopikwa kutoka hapa hadi mpakani, mwingi wake umepikwa katika sufuria za akina Dao.

Sufuria kubwa huuzwa faranga elfu saba. Ukishatoa makaa, vyuma chakavu na fungu la Bema, kinachobaki kinatosha chakula na ada ya mtoto mmoja, ikiwa mwezi ni mzuri. "Hatujawahi kuwa matajiri," anasema Salia. "Lakini hakuna mtu aliyepata kuturudishia sufuria inayovuja."

Desturi ya kubisha hodi ni ya siku nyingi. Aliyeshindilia mchanga hugonga mara tatu, na mwenye upawa huitikia ndipo amimine. Alumini ni mgeni, ndivyo wanavyosema wahunzi. Mgeni akiingia nyumba ambayo hakuitikiwa, huenda amekuja na mwenzake asiyeonekana. Sufuria iliyomiminwa bila kuitikiwa haiuzwi. Huvunjwa, ikarudishwa motoni.

Kwa miaka mingi mwenye upawa hakuwa Bema. Alikuwa Lasina, mdogo wake Salia, baba mmoja mama mmoja.

Lasina alizaliwa bubu. Anasikia vizuri kuliko wengi, lakini sauti haina njia. Alipokabidhiwa upawa akiwa kijana, wazee waliuliza ataitikiaje. Aliwajibu palepale. Aligonga ukingo wa ndoo ya chuma kwa upawa mtupu: pigo moja zito, halafu kimya, kimya kirefu hata mgeni adhani amekwisha, ndipo likaja la pili, jepesi, kama la mtu aliyekumbuka jambo mlangoni.

"Tulimwiga sote," anasema Salia. "Hatukuweza. Ule ukimya wa katikati ndio unaokushinda. Ama utauwahi, ama utauchelewa."

Miaka sita iliyopita Lasina alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu, kusini. Hakuaga. Kabla ya kuondoka aliwauza mbuzi wote wa mkewe, Alimata, apate nauli na sururu. Mvua zilipoanza, kijana mmoja wa mtaa alirudi kutoka huko na kofia ya sufu ya Lasina, ile ya mistari ya kijani. Alisema shimo liliporomoka, na walio chini hawakutolewa. Alipoulizwa kama alimwona Lasina akishuka, alisema hapana. Kofia aliikuta juu, imening'inizwa kwenye mti wa winchi.

Tangu hapo nyumba ya akina Dao ina jambo lisilosemwa sana. Baba yao mdogo, mzee Siaka, alitaka matanga yafanywe, Alimata akae eda, kisha aolewe na Salia kama ilivyo kawaida. Salia alikataa. "Kofia haizikwi," alisema, na kila mwaka akasema hivyohivyo. Alimata alikaa katikati, si mke wala mjane, akiuza maandazi ya kunde barabarani.

Mwaka jana, kiangazi, walikuja watu wa filamu kutoka Ouagadougou. Aliyewaongoza ni mama mmoja mpole mwenye miwani, Edwige Somé. Alitaka kutengeneza filamu fupi juu ya namna sufuria inavyozaliwa, na ndani yake kusiwe na neno hata moja.

"Hata jina langu halimo?" aliuliza Salia.

"Hata langu, baba," alijibu Edwige. "Nataka mtu aone mikono, asikie mchanga. Basi."

"Na tukipiga chafya?"

"Chafya si neno. Pigeni."

Walikaa siku kadhaa. Kila kitu kilikwenda vizuri hadi ilipofika kumimina. Edwige aliomba Bema asiseme "Pita". Bema aliweka upawa chini akaenda kukaa kando. Ilibidi Salia amfuate.

"Mama huyu ametoka mbali," alimwambia.

"Hata kaburi liko mbali, mbona huendi?"

"Bema. Mara moja tu. Tutaivunja baadaye."

Basi Salia aligonga mara tatu, na hakuna aliyeitikia. Bema alihesabu pumzi zake, akamimina. Alumini haikumwagika hata tone. Walipofungua sanduku waliona sufuria safi kuliko zote walizotoa mwaka ule, haina tundu, haina mshono, haikuhitaji hata kupigwa tupa. Salia anasema alitamani ingekuwa na kasoro. Hawakuivunja siku ile, wala kesho yake. Waliifunika kifudifudi kwenye kona ya uwanja, na ikawa hakuna anayetaka kuwa wa kuigusa.

Mwaka huu Salia alichoka. Hakubali kwamba alishindwa na mzee Siaka. Anasema ni magoti yaliyomshinda, na mtu mwenye magoti mabovu hubishana kidogo. Matanga ya Lasina yalipangwa siku ya Alhamisi. Kondoo alinunuliwa. Watani waliarifiwa, kwa sababu matanga bila watani si matanga. Mtani wao mkubwa ni Demba Barry, Mfulani auzaye sufuria zao sokoni, na ndiye aliyepewa kazi ya kumwigiza marehemu: avae kofia yake, atembee kama yeye, awachekeshe wafiwa.

"Nimwigize vipi mtu asiyesema?" Demba alilalamika. "Nyie watumwa wangu hata mkifa mnanipa kazi ngumu."

"Kagonge ndoo," alijibiwa. "Wewe si umezoea kugonga ng'ombe."

Demba alijifunza kugonga. Wiki nzima alisikika nyuma ya duka lake, akiukosea ule ukimya wa katikati.

Siku tano kabla ya Alhamisi hiyo, Edwige alituma filamu kama alivyoahidi. Ilionyeshwa baada ya sala ya alasiri katika jumba la vijana. Madirisha yalizibwa kwa mikeka, shuka nyeupe ikatundikwa ukutani. Mtaa mzima ulikuwepo.

Wanaoikumbuka siku ile wanaanza kwa kusema kwamba walicheka. Ilionekana miguu ya Bema ikishindilia mchanga, mtu akapaza sauti, "Kata kucha hizo!" Kisha kicheko kikapungua chenyewe. Filamu haikuwa na sura ya mtu. Mikono ilitoka gizani, ikafanya kazi, ikarudi gizani. Jivu lilinyunyizwa likaanguka polepole kuliko jivu linavyoanguka. Moto ulipumua. Salia aliitazama mikono yake mwenyewe juu ya shuka, mikubwa kuliko mlango, akahisi ni mikono ya mtu aliyekufa zamani ambaye watu wanamkumbuka.

"Nilijigusa," anasema. "Nilishika goti langu nijue nimo."

Ikafika ile hodi. Ko, ko, ko. Jumba zima lilijua kwamba hapo hakuna aliyeitikia. Bema alishawasimulia mara mia. Watu wakausubiri ukimya.

Ndani ya ukimya ule likalia pigo moja zito la chuma.

Hakuna aliyesogea. Pigo lile likafifia, likaisha, kimya kikakaa, kikaendelea kukaa. Wageni wangedhani imekwisha. Ndipo likaja la pili, jepesi.

Halafu alumini ikamiminwa.

"Demba!" mzee Siaka alisimama. "Ewe Mfulani mlaaniwa, hiyo ni mizaha ya Alhamisi, si ya leo!"

Demba alikuwa mbele kabisa, mjukuu wake amelala mapajani, glasi ya chai mkononi. Aliinua mikono yote miwili, chai ikamwagika. "Wallahi si mimi. Nimegonga kwa nini, kwa meno?"

"Rudisheni nyuma," alisema Salia.

Filamu ilirudishwa. Safari hii Demba alisimamishwa ukutani, mikono juu, kama mwizi. Ko, ko, ko. Kimya. Pigo zito. Kimya kile kirefu. Pigo jepesi.  Baadaye Demba alimwambia Salia jambo moja tu: "Nimejifunza wiki nzima, sijaupata ukimya ule. Huyo ameupata."

Alimata alikuwa ameketi na wanawake karibu na mlango. Alisimama. Hakulia.

"Ni Lasina," alisema, kama mtu anayemtajia mgeni jina la mtaa. Kisha akatoka, akaenda hadi uwanjani, akaifunua ile sufuria iliyolala kifudifudi kwenye kona. Wahunzi walimfuata mbio.

"Mama, usiiguse hiyo, haikuitikiwa," Bema alimwambia.

"Mmesikia wenyewe," alijibu Alimata. "Imeitikiwa. Ni yangu." Akajitwika akaenda nayo nyumbani. Anapikia hadi leo. Majirani wanasema ugali wake hauungui hata akiusahau motoni. Alimata mwenyewe anasema hao majirani hawana kazi.

Mtaa uligawanyika. Wengi, na mzee Siaka akiwa mbele yao, walisema jambo liko wazi: mwenye kuitikia kwenye mwanya wa hodi ni maiti, na maiti huyo amechoka kungoja matanga yake. Kondoo achinjwe. Wachache walisema mashine hukosea.  Salia alimpigia simu Edwige.

Edwige aliapa kwamba hakuongeza chochote. Alidhani mapigo yale ni ya uwanja. Alimpa namba ya Prosper, kijana aliyeshughulikia sauti. Prosper hakutaka kulizungumza simuni. Alipanda basi akaja. Alifika Jumatano, amevaa vipokea sauti shingoni kama shada, wakaketi chini ya paa la mabati na chai.

Maelezo yake yalikuwa rahisi, na ndiyo yaliyomnyima Salia usingizi. Filamu isiyo na maneno, alisema, inahitaji kimya kingi, na kimya nacho hurekodiwa. Kimya cha Bobo kilikuwa kimejaa pikipiki. Kwa hiyo alirekodi kimya cha nyanja nyingine za wahunzi na kukitandika chini ya picha, kama mkeka chini ya godoro. Hodi ni ya Salia, aliyemimina ni Bema, lakini kimya cha katikati kilitoka pengine.

"Pengine wapi?"

"Ndiyo hiyo, baba. Nilirekodi Ouaga, kwenye uwanja mmoja wa mashariki. Nikarekodi Banfora. Na pengine pa tatu, kwenye barabara ya Niangoloko. Nilivichanganya. Kadi zenyewe nilishazifuta, nikazitumia kwenye harusi."

"Kwenye harusi!" Demba alisema. "Mungu wangu. Mtu amefufuka, wao wamerekodi bwana harusi juu yake."

Salia hakucheka. Kama mapigo yale yalirekodiwa kwenye uwanja wa watu, basi kuna mtu aliyeshika upawa kwenye uwanja huo, anayeitikia hodi kwa ndoo, na ukimya wake wa katikati ni ule. Yuko hai. Hakurudi kwa sababu hakupata dhahabu, na aliuza mbuzi.

"Mbuzi wangu!" Alimata alisema aliposikia. "Miaka sita mtu anakimbia mbuzi? Wale walikuwa na kikohozi hata hivyo."

Ndipo Salia alipouliza juu ya pale pa tatu.

Prosper alinywa chai yake hadi mwisho. "Pale hapakuwa na mtu," alisema. "Ni uwanja ulioachwa. Tanuri limeota majani. Nilipapenda kwa sababu palikuwa kimya. Niliweka maikrofoni juu ya ndoo moja ya chuma, kuukuu, nikarudi garini kula mkate."

"Hukukaa pale?"

"Sikukaa, baba."

"Kwa nini?"

Kijana alitazama viatu vyake. "Sikupapenda kukaa. Palikuwa kimya, lakini si kimya cha mahali patupu. Kilikuwa kama cha chumba mtu akinyamaza baada ya wewe kuingia."

Machimbo yale yaliyoporomoka yako upande huohuo, si mbali na barabara ya Niangoloko.

Kondoo hakuchinjwa Alhamisi. Mzee Siaka, baada ya maneno mengi, alikubali kungoja hadi mvua ya kwanza. Mvua ikinyesha na Lasina hajaonekana, matanga yatafanyika na Alimata ataanza eda, na Salia hatapinga tena. Ameapa mbele ya ukoo. Kondoo amefungwa nyuma ya nyumba, amenenepa, na Demba kila apitapo humwambia, "Wewe ndugu, mshukuru bubu."

Uwanjani kazi inaendelea, lakini wahunzi wamebadilika. Bema si peke yake anayeitikia mbio. Kila mwenye upawa sasa huitikia kabla pigo la tatu halijatua. Jioni hakuna anayekubali kuwa wa mwisho kuondoka. Na ndoo yoyote ikigongwa kwa bahati mbaya, watu wote husimama kidogo wakisubiri kama kutakuja pigo la pili.

Salia anaondoka Jumatatu. Mfuko wake ni mdogo: kanzu moja, kofia ya mistari ya kijani, na mchi wake wa kushindilia. Hana picha ya mdogo wake, na anasema haihitaji. Mtu aliyekimbia aibu hubadili jina, hufuga ndevu, na bubu huwezi kumwita akaropoka. Hatauliza mtu. Ataingia kwenye uwanja, atasalimu, ataomba kugonga sanduku mara tatu, kisha atasikiliza.

"Akiitikia, sitamwambia habari ya machimbo wala ya dhahabu," anasema huku akifuta mchanga kwenye mchi. "Nitaanza na neno la Alimata. Ameniagiza nimwambie kwamba mbuzi wamesamehewa, lakini maandazi ya miaka sita atayalipa."

Wengi walidhani angeanza na Banfora, iliyo karibu, au Ouaga, yenye wahunzi wengi. Amekata tiketi ya kwenda Niangoloko. Atamwomba dereva amshushe njiani, kwenye ule uwanja ulioota majani.

Bema amemsihi apaache pale mwisho, au asipaguse kabisa. Salia ametikisa kichwa. Anasema hawezi kwenda kumtafuta mtu mijini huku hajui kama anamwacha nyuma yake.

"Nitapiga magoti mbele ya ile ndoo," anasema, "nitagonga tatu. Halafu nitanyamaza kiasi kile anachonyamaza yeye, na nizidishe."

Anaugeuza mchi mkononi, mpini juu.

"Kwenye nyanja nyingine zote naomba nijibiwe. Pale ninaomba asiitikie mtu."